Sufuria Ziko Wapi? Shajara ya Dodoso la Simu, Dodoma, Januari hadi Aprili 2025

23 Januari

Siku tatu zilizopita Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa hapa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kuwa virusi vya Marburg vimethibitishwa mkoani Kagera. Tangu jioni ile simu zetu hazijatulia. Tuko wanane. Sita tumewahi kuwa wadadisi wa tafiti za kaya, tumekula vumbi la Bahi na Chemba na vishikwambi begani. Wawili ni vijana waliohitimu takwimu juzi juzi. Leo tumekaa chini ya mwembe nyumbani kwa mzee wetu, Area C, tukakubaliana kuanza.

Kazi ni hii: dodoso fupi la simu la kuuliza habari za kazi, kwa Kiswahili ambacho watu wanakiongea, litakalofaa siku ambayo mdadisi haruhusiwi kubisha hodi. Kagera ni mbali na tunaomba Mungu ugonjwa uishie hukohuko. Lakini mwaka 2023 Marburg ilifika Kagera hiyohiyo, na 2020 tuliona jinsi mambo yanavyoweza kubadilika ndani ya wiki moja. Dodoso halitungwi siku ya msiba.

Ukurasa wa kwanza wa daftari tumeandika jambo moja na wote tukaweka sahihi: hatutoi takwimu. Takwimu rasmi zina mwenyewe, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa mujibu wa Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Sisi tunapima maswali, hatuwapimi watu. Majibu ya majaribio yatachanwa maswali yakishakaa.

30 Januari

Nimeshinda nikipanga tarehe za 2020, maana kumbukumbu zetu wanane hazilingani. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, keshokutwa vyuo. Vyuo vilifunguliwa 1 Juni. Hapakuwa na amri ya watu kujifungia ndani, na hilo linabadilisha maswali yetu kuliko tulivyodhani mwanzoni. Maswali ya nchi za wenzetu yanauliza, "Je, mwajiri wako alifunga kwa amri ya serikali?" Kwa Dodoma ya 2020, swali hilo lingempita mama wa Ng'hong'onha aliyekuwa akiwapikia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Yeye hakuna aliyemfunga. Wateja ndio walipanda mabasi wakaenda makwao.

Nchi yetu ilifanya Utafiti wa Nguvu Kazi mwaka 2020/21, baada ya ule wa 2014 na wa 2006. Utafiti mkubwa wa namna hiyo ni hazina, lakini huja baada ya miaka. Ugonjwa unaua biashara ndani ya wiki tatu. Katikati ya hapo ndipo simu inapohitajika.

6 Februari

Simu za kwanza. Tumepigia ndugu wa marafiki, watu waliokwisha kuombwa ridhaa, na bado wengi wamekata. Sababu kila mtu anaijua: "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu akisikia sauti ngeni inayojua jina lake, anaona tapeli. Baba mmoja wa Nkuhungu alimsikiliza kijana wetu kwa heshima mpaka alipoulizwa idadi ya watu katika kaya, akasema, "Mwanangu, tafuta kazi ya halali," akakata.

Kijana aliumia. Mimi naona baba yule alikuwa na haki zote. Nyumbani kwake angeona kitambulisho, angemwona mwenyekiti wa mtaa amesimama pembeni, angeleta kiti. Kwenye simu tumemnyima vyote hivyo halafu tukataka atuamini.

Kuanzia wiki ijayo: ujumbe mfupi siku moja kabla, mtendaji wa mtaa awe na taarifa na aweze kuulizwa, na sentensi ya kwanza iseme tutakachouliza na ambacho hatutauliza kamwe. Hatuulizi namba ya kitambulisho cha taifa, hatuulizi fedha iliyomo kwenye simu, hatuombi chochote kitumwe.

11 Februari

Neno "kazi" limetushinda, na nitaliandika kwa urefu kwa sababu ndilo lililobeba kila kitu.

Swali tulilokuwa nalo lilitokana na mafunzo ya zamani: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au faida, hata kwa saa moja?" Nimempigia mama mmoja wa Chang'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

Tukasalimiana inavyopasa, nikauliza. "Kazi sina, mwanangu. Niko tu nyumbani." Nikaweka alama. Nikafika swali la mwisho, la kuaga, nikamuuliza anashindaje. Akaniambia anaamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, mpaka saa mbili asubuhi vimekwisha, mchana anamenya karanga za tajiri mmoja wa sokoni kwa ujira wa debe.

Hakunidanganya. Kwake yeye kazi ni ile yenye mkataba, mshahara na likizo. Vitumbua ni kujishikiza. Wengine wamesema "nahangaika", "nabangaiza", "niko kwenye mishe", "nasukuma siku". Hakuna hata mmoja aliyeviita vyote hivyo kazi, na kwa viwango vya Shirika la Kazi Duniani saa moja tu ya kuuza vitumbua katika wiki inamfanya mtu kuwa na ajira. Kosa la neno moja lingewahamisha maelfu ya wanawake kutoka safu moja ya jedwali kwenda nyingine.

Ana kwa ana mdadisi hunusa. Anaona jiko, anaona beseni, anauliza tena. Simu haina jiko.

Tumekubaliana kuondoa neno "kazi" kwenye maswali matatu ya mwanzo. Tunaanza na vitu: uliuza chochote, ulifanya kibarua, ulilima, ulifuga, ulimsaidia ndugu kwenye biashara yake? Kwa simu orodha ndefu inachosha, kwa hiyo haizidi vitu sita kwa pumzi moja.

13 Februari

Vocha imeisha katikati ya mahojiano mara mbili. Tumeamua bando la dakika linunuliwe asubuhi, kabla ya kitu chochote.

20 Februari

Leo tulifanya zoezi ambalo sitalisahau. Mzee wetu aliandika kisa, akakisoma kwa sauti mara mbili:

"Mama anauza wali maharage nje ya geti la chuo. Chuo kimefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Wiki nzima hakupika. Hajui chuo kitafunguliwa lini. Ukimuuliza anasema: kazi ipo, ila wateja ndio hawapo."

Kila mtu aandike peke yake, bila kuchungulia: mama huyu yuko safu gani? Watatu wameandika ana kazi ila hakuwepo kwa muda. Wawili, hana kazi. Wawili, yuko nje ya nguvukazi, yaani hana kazi wala haitafuti. Mmoja amejaza "Nyingine (taja)". Watu wanane, waliofundishwa, wenye nia njema, wamesikia maneno yaleyale chini ya mwembe uleule.

Palikuwa kimya. Halafu mwenzetu wa Kongwa akasema, "Na hapa hakuna hata mmoja wetu anayeogopa ugonjwa."

21 Februari

Jambo la jana limewahi kutokea kwa ofisi kubwa kuliko zote tunazozisoma. Aprili 2020, utafiti wa kaya ambao Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani huutumia kutoa kiwango cha ukosefu wa ajira ulikuwa umesimamisha mahojiano ya ana kwa ana, na vituo vyake viwili vya kupigia simu vimefungwa. Wadadisi walipiga simu wakiwa majumbani kwao. Sampuli yao ilikuwa takriban kaya 60,000. Mwezi ule zilizojibu zilikuwa kama asilimia 70, chini sana ya kawaida yao. Kiwango kilichotangazwa kilikuwa asilimia 14.7.

Wadadisi walikuwa wameelekezwa: mtu ambaye hakwenda kazini wiki nzima kwa sababu mahali pake pamefungwa na ugonjwa, ahesabiwe hana kazi, yuko kwenye mapumziko ya muda. Wengi hawakuandika hivyo. Waliandika ana kazi, hakuwepo, sababu nyingine. "Nyingine (taja)" ileile ya kwetu. Ofisi ilipochungulia ndani ya safu hiyo ikaukuta umati usio wa kawaida, ikasema wazi katika taarifa yake kwamba kama wote hao wangewekwa mahali pao, kiwango kingekuwa juu zaidi kwa karibu pointi 5. Mwezi uliofuata, baada ya wadadisi kukumbushwa, kosa lilikuwa bado lipo, kama pointi 3, juu ya asilimia 13.3 iliyotangazwa.

Na majibu hawakuyagusa. Yalibaki kama yalivyorekodiwa, na maelezo ya kosa yakawekwa pembeni ili kila msomaji ajipimie. Kijana wetu mmoja anaona walikosea: ukijua jibu si sahihi, lirekebishe. Tumebishana mpaka giza. Mimi niko upande wa kutogusa. Ofisi ikianza kubadili majibu kwa kubahatisha wakati wa dharura, hata kwa nia safi, mwezi ujao nani atajua kilichosemwa na mhojiwa ni kipi na kilichowekwa na ofisi ni kipi? Dawa ni kurekebisha swali, kisha kusema ukweli kuhusu lile lililokwisha kuharibika.

27 Februari

Ng'hong'onha, kwa simu. Mama aliyekuwa akiuza chakula karibu na chuo mwaka 2020 alikubali kunisimulia wiki moja baada ya nyingine. Nilimwomba asinijibu kama dodoso, anisimulie tu.

Wiki ya kwanza alikaa, akijua watoto watarudi. Ya pili akapika kidogo, chakula kikabaki, wakala nyumbani. Ya tatu akaanza kudaiwa kodi. "Ya nne nikauza sufuria mbili kubwa na mabenchi. Hapo ndipo nilijua biashara hakuna tena."

Nimekaa na sentensi hiyo mchana kutwa. Viwango vya kimataifa vya mwaka 2013 vinasema asiyekuwepo kazini bado ana kazi ikiwa uhusiano wake na kazi hiyo haujakatika; hutazamwa sababu ya kutokuwepo, kama malipo yanaendelea, na kama muda wote wa kutokuwepo kwa kawaida hautazidi miezi mitatu. Kwa mwenye mwajiri hayo yanaulizika: umeambiwa utarudi lini, mshahara unaingia? Kwa mama huyu hakuna wa kumwambia kitu. Uhusiano wake na kazi ulikuwa kwenye sufuria.

Kwa hiyo tumeandika swali jipya la 7, la waliojiajiri ambao hawakufanya shughuli wiki nzima: "Vifaa vyako vya biashara bado unavyo?" Kwa bodaboda: pikipiki unayo, au umemrudishia tajiri? Unapeleka hesabu bado? Kwa kinyozi: fremu bado unailipia? Mtu anajibu hapohapo, bila kufikiria maana ya "ajira".

Tulirudia kisa cha mzee tukiwa na swali la 7. Safari hii alikisoma mara mbili, mara ya kwanza sufuria zipo na mama anategemea kurudi mwezi ujao, mara ya pili zimeuzwa. Watu saba kati ya wanane tulikubaliana kwa kila kisa. Wa nane ana hoja yake na nitaiandika: sufuria unaweza kuziazima, mtaji ndio usioazimika. Tumeongeza kipengele cha mtaji. Kinasikika vibaya kwenye simu, kinakaribia mambo ya fedha, kwa hiyo kinakuja mwisho.

5 Machi

Mfungo wa Ramadhani umeanza, na leo ni Jumatano ya Majivu. Hatupigi simu kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka watu wamefuturu na kurudi kutoka msikitini. Kibaigwa hatupigi siku zenye pilikapilika za nafaka sokoni.

8 Machi

Simu ya kaya ni ya nani? Mara nyingi ni ya baba. Leo nimempata baba wa kijiji kimoja cha Bahi, mkarimu kabisa, akajibu kwa niaba ya wote. Mke? "Huyo hafanyi kazi, yuko nyumbani." Nikaomba kwa adabu kuongea na mama mwenyewe. Akampa simu bila kinyongo. Mama anauza vitunguu na nyanya mnadani, na wiki iliyopita alivuna mchicha wa bustani akauza wote. Mume hakuficha chochote. Hilo la vitunguu kwake halihesabiki.

Kanuni sasa: kila mtu ajijibie. Ikishindikana, iandikwe nani alijibu, ili mtumiaji wa takwimu aone ni majibu mangapi yamepitia mdomo wa mtu mwingine.

Na wasio na simu kabisa? Hili hatuwezi kulimaliza kwa maswali. Hata Uingereza, walipohamia kwenye simu mwaka 2020, waligundua kuwa waliokuwa wakijibu walizidi kuwa wenye nyumba zao, wapangaji wakapungua, ikabidi Oktoba mwaka huo wabadili mizani ya sampuli, yaani uzito unaopewa kila jibu, kwa kuangalia umiliki wa nyumba. Kwetu mpangaji ndiye anayehama biashara ikifa. Uganda ilikuwa na bahati ya kujiandaa bila kujua: Juni 2020 walianza kupiga namba walizokuwa wamekusanya nyumba kwa nyumba kabla ya ugonjwa. Hilo ndilo ningeomba kwa kila utafiti wa kaya nchini: chukueni namba mbili kwa kila kaya, moja ya jirani, wakati milango bado iko wazi.

14 Machi

Jana imetangazwa kuwa mlipuko wa Marburg Kagera umekwisha. Tumeshukuru. Mmoja aliuliza kama tuendelee. Tunaendelea.

Tumeshughulika na swali la kutafuta kazi, ambalo ni mtego. Afrika Kusini, robo ya pili ya 2020, ajira zilipungua kwa milioni 2.2, na kiwango rasmi cha ukosefu wa ajira kikashuka kutoka asilimia 30.1 hadi 23.3. Msomaji wa haraka angeshangilia. Watu walikuwa wamefungiwa ndani. Asiyetafuta kazi hahesabiwi kuwa amekosa ajira, anaondoka kwenye hesabu. Tafsiri yao pana, inayowaweka wasiotafuta, ilikuwa asilimia 42.

Tanzania ina tafsiri yake ya kitaifa inayowajumuisha walio tayari kufanya kazi hata kama hawakutafuta, na kwa tafsiri hiyo kiwango kilikuwa asilimia 10.3 mwaka 2014. Naona ni ya busara kwa nchi ambako mafundi ujenzi hukaa kijiweni wakisubiri gari la mwenye saiti. Kwa viwango vya kimataifa kusubiri kijiweni nako ni kutafuta kazi. Lakini ugonjwa ukitawanya vijiwe, fundi atakaa kwake na simu mkononi, akingoja kuitwa. Tumeandika: "Kuna mtu yeyote uliyemwambia akikusikia kazi akuite?" Mafundi watatu kati ya watatu walijibu ndiyo kabla sijamaliza kuuliza.

22 Machi

Swali la 9, shamba. Kwa viwango vya kimataifa vya 1982 mkulima wa mtama wa kula nyumbani alihesabiwa ana ajira. Kwa viwango vya 2013 hahesabiwi hivyo, kwa kuwa ajira ni kazi ya malipo au faida. Kulima chakula chako ni kazi, lakini iko kwenye fungu jingine. Kwa hiyo lazima tuulize: mavuno unayotegemea ni ya kuuza zaidi au ya kula zaidi?

Mzee wa Mpwapwa, palizi imemchosha, alinijibu kwa upole: "Nalima tule. Nikipata shida, nauza. Shida sijui itakuja lini." Wakati wa ugonjwa shida huja kwa wote pamoja. Kijana akipoteza kibarua mjini anarudi kijijini, anashika jembe. Jedwali moja litasema amepoteza ajira, jingine litasema anayo, na yeye ni yuleyule. Tumejaribu swali hili kwa namna tano. Halijakaa.

29 Machi

Tumeongeza saa: wiki iliyopita ulifanya saa ngapi, na kwa kawaida ngapi? Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 dunia ilipoteza asilimia 8.8 ya saa za kazi, sawa na ajira milioni 255 za kutwa nzima. Kwa Dodoma naona saa ndizo zitakazosema kwanza, maana mchoma vitumbua haachi, anapunguza kilo za unga. Hatuulizi jumla ya saa. Tunauliza ulianza saa ngapi, ukamaliza saa ngapi, kwa siku ngapi, na tunahesabu wenyewe.

3 Aprili

Dodoso lina maswali 19, linachukua kama dakika kumi na mbili mhojiwa akiwa na haraka, ishirini akiwa na nafasi. Mwongozo wa mdadisi bado kurasa mbili.

Mchana kijana wa bodaboda wa Makole alinibipu, nikampigia. Mwezi uliopita alikuwa ametuambia pikipiki imerudi kwa tajiri, hana kitu. "Dada, nimepata nyingine ya mkataba, tangu jana. Nibadilishie kule mlikoandika sina kazi." Nilimpongeza kwa moyo wote. Kisha nikamweleza kwamba tulichoandika ni cha wiki ile, na wiki ile hakuwa nayo, kwa hiyo kinabaki. Ila tukimpigia tena, la sasa litaandikwa kwenye wiki yake. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo mnapiga lini?"

Nimemwambia Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa kituoni.